Redio ya Lori la Jeneza

Nosy Be, 6 Juni 1955

Kwa Mjomba Elamine,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi, si umelala. Mama anakusalimu. Amekaa nami hapa mezani kuhakikisha salamu hazizidi habari.

Habari ni hii. Daktari wa Mahajanga aliposema hana dawa iliyobaki, Mama alitandika kitanda katika chumba cha mbele. Anasema wanaume wa nyumba yetu hufia kwa dada zao, na wewe hutakuwa wa kwanza kutolewa kwenye mlango wa ukweni. Meli hataki kuisikia, kwa kuwa Babu alifia melini akatupwa baharini, na hadi leo hatuna kaburi la kusomea. Basi utakuja kwa barabara, ndani ya lori la Hamidou, lile la chama cha mazishi linalobeba majeneza, mpaka pwani inayotazamana nasi. Hapo patabaki kuvuka kidogo kwa mashua.

Ila ameweka sharti. Lori lifungwe redio ya kusema na kusikia. Anataka kila mchana ajue uko wapi na umevuka mto gani, ili Mungu akikuchukua njiani ajue nani wa kukuosha, na wapi. Nilimwambia redio za namna hiyo wanazo wanajeshi na manahodha. Akasema, "Kwani wewe kiwandani unafanya kazi gani?"

Nimeipata. Ilibaki tangu vita, nimeitengeneza na inasema. Huku nitaishika mwenyewe katika chumba cha redio cha kiwanda cha sukari. Mkuu ameniruhusu, na posta wameahidi kibali. Naomba unijibu matatu: betri ya lori ni ya volti ngapi, paa la chumba cha dereva ni bati au turubai, na nyuma ya kiti pana nafasi gani. Tukimaliza kabla ya mvua, utasafiri. Mvua ikianza barabara inafungwa, na sidhani kama tuna mwaka mwingine wa kungojea.

Mpwa wako,
Fahardine


Mahajanga, 19 Juni 1955

Mpwa wangu,

Umeandika vizuri. Aliyekufundisha ni mimi, kwa hiyo najisifu. Nimefurahi pia kwamba umetumia Kiswahili, lugha ya vitabu vya babu yako. Hapa nyumbani tunasema Kimalagasi, wanaoweza kuisoma hii ni wachache, na barua yako inaweza kulala mezani bila kumsumbua mtu.

Nimemuuliza Hamidou. Betri ni ya volti kumi na mbili. Paa ni bati. Nyuma ya kiti anaenea mtu mmoja akikunja miguu, au mbuzi wawili wasiogombana.

Nami nina swali. Redio ikisema, sauti hutokea mbele au nyuma? Nyuma ndiko nitakakolazwa, na sipendi kusemeshwa na mtu nisiyemwona.

Mwambie Dada asikihangaikie kitanda mapema hivyo, godoro litaingia unyevu. Huku mke wangu Sittou ameanza kukunja nguo zangu na kuzitia sandukuni. Sikumwambia aanze. Hajaniuliza kitu, nami sijamwambia kitu. Jana tuliongea habari ya mchele mpya, kwamba una mawe.

Elamine


Nosy Be, 2 Julai 1955

Mjomba,

Nimekifunga upya chombo kwa volti kumi na mbili kama ulivyosema. Sauti itatoka mbele, kwa Hamidou, lakini naweza kuvuta waya hadi nyuma ukitaka kumsikia Mama. Waya wa kunasia mawimbi ni mrefu kuliko mtu. Utasimama ubavuni mwa lori kama mlingoti.

Limebaki moja. Injini ikiunguruma, plagi zake hutia mikwaruzo redioni mpaka mtu hasikiki. Kuna dawa yake, ila lazima nijue injini yenyewe. Muulize Hamidou kama ni ile iliyotoka na lori kwa Wamarekani au imebadilishwa.

Mama anauliza umekula nini.

Fahardine


Mahajanga, 20 Julai 1955

Mpwa wangu,

Nilikukosesha. Betri ni ya volti sita. Hamidou ananiambia sita, na nikikumbuka vizuri hata mara ya kwanza aliniambia sita. Paa nalo si bati, ni turubai, au lilikuwa bati kisha likawa turubai, hapo hatukuelewana. Injini imebadilishwa. Wengine wanasema haijabadilishwa.

Kuna jambo zito kuliko hayo. Wazee wa chama walikutana baada ya sala ya Ijumaa, nami nikabebwa pamoja na kiti changu. Limezuka swali: lori lile hubeba maiti, je, inafaa kutia humo chombo kinachoweza kunasa nyimbo kutoka Tananarive? Mmoja akasema kisinase nyimbo. Ibouroi, ambaye ndiye mkuu wetu, akauliza ni nani wa kukizuia. Mwingine akasema ya nini kugombana, maiti hasikii. Hapo ndipo pakaharibika kabisa, kwa sababu sote tumefundishwa kwamba maiti husikia hatua za wanaomwacha kaburini. Kama anasikia hatua, kwa nini asisikie zumari? Kikao kimeahirishwa. Ibouroi ataandika kwa mwanachuoni mmoja Zanzibar, nasi tutangoja jibu.

Usifanye haraka, mwanangu. Kazi ya haraka huharibika.

Elamine


Nosy Be, 5 Agosti 1955

Elamine,

Fahardine amenisomea habari za maiti na zumari. Mwambie Ibouroi hivi: maiti wenu wamesikiliza domo lake njia nzima mpaka makaburini na hakuna aliyefufuka kulalamika. Nyimbo za Tananarive watazivumilia.

Wewe ulikuwa ukifasiri kesi za watu mbele ya hakimu wa Kifaransa, kesi za mashamba na mirathi, unazimaliza kwa asubuhi moja. Leo volti zinakushinda? Sita au kumi na mbili, si maneno ya Kurani hayo kwamba yana tafsiri nyingi. Au kuna mtu huko anayekushika shati?

Mtoto amefungua chombo chake akakifunga, kisha akakifungua tena. Jumapili alikaa nacho hadi chai ikapoa. Ndugu zetu wanauliza. Mawingu yataanza kukusanyika, na mimi sitaki kuambiwa kwamba Koulsoum alimwacha ndugu yake afie kwa watu.

Jibu sawasawa.

Dada yako


Mahajanga, 22 Agosti 1955

Ndugu Fahardine,

Nimepata barua yako nikashangaa kidogo. Unanishukuru kwa kumjibu mjomba wako kuhusu betri. Mimi sijaulizwa habari ya betri na mtu yeyote. Betri ni volti sita, na ni sita tangu nilipolipokea lori. Paa ni bati. Lingegeuka turubai ningekuwa wa kwanza kujua, maana ninakaa chini yake. Injini ni ileile.

Kuhusu lile swali la maiti na nyimbo, ni Mzee Elamine mwenyewe aliyeliuliza, tena kwa ufasaha. Wenzake walipoanza kugombana yeye akasinzia kitini. Ibouroi sasa amechoka kungoja jibu la Zanzibar, amesema ninyi fungeni redio yenu, mradi maiti akiwemo izimwe.

Leo nimelipeleka lori Belobaka na kurudi. Halina neno. Mnaniambia tuondoke lini?

Hamidou, dereva


Nosy Be, 3 Septemba 1955

Mjomba wangu,

Naandika hii mara ya pili, ya kwanza nimeichana.

Uliniambia kumi na mbili, ukaniambia sita. Ukaniambia bati, ukaniambia turubai. Nilianza kujishuku mimi. Nilisoma barua zako kwa sauti, nikamwita na mwenzangu wa kazini azisikilize, nikidhani kuna maana iliyonipita kama zamani ulipokuwa ukinifundisha nahau na mimi natazama dirishani. Sasa Hamidou ameniandikia, na hayo aliyoyasema hayalingani na barua yako yoyote.

Mjomba, ugonjwa ukipanda kichwani si aibu. Haukuanza na wewe. Usijisumbue tena kujibu maswali. Chombo nimekirudisha kwenye volti sita, kiko tayari. Nakuja nacho mwenyewe kwa meli ya mwisho wa mwezi huu. Nitakifunga huko huko, na tutaondoka pamoja, nitakaa nyuma karibu nawe. Mama amefurahi. Nadhani amefurahi, aliingia chumba cha mbele akafunga mlango.

Fahardine


Mahajanga, 14 Septemba 1955

Fahardine,

Keti kwanza. Na hii usimwonyeshe mama yako.

Akili yangu ni nzima. Nimetafuta namna laini ya kulisema hilo nimeikosa. Ningeweza kukuacha uamini kwamba nimepungukiwa, na kwako ingekuwa nafuu kuliko ukweli. Lakini ninakufa, na sitaki kwenda nimemwacha mwanafunzi wangu anajiona mjinga kwa sababu yangu. Hukukosa kuelewa. Hapakuwa na cha kuelewa.

Sikumuuliza Hamidou kitu. Volti kumi na mbili nilizitunga. Ulipozitafutia njia nikaleta sita, nikitumaini kwamba sasa chombo kitaharibika. Turubai nililitia mimi. Swali la maiti kusikia nililiuliza mimi, nikafumba macho wakisutana, maana nilijua litawatosha kwa muda. Nilikuwa nikitazama mawingu. Nilitaka mvua inikute hapa. Barabara ikifungwa hakuna atakayesema Elamine alimkataa dada yake. Watasema mto ulijaa.

Sitaki kuja. Hilo ndilo ninaloliungama, na limenichukua barua mbili za uongo kulifikia.

Usidhani simpendi mama yako. Hakuna mtu ninayemwogopa na kumpenda kwa pamoja kama yeye. Lakini katika nyumba hii ya Sittou nimeishi kama waishivyo wanaume wetu wote ukweni: nyumba ni yake, alijengewa na baba yake, mimi ni mgeni mwenye ufunguo. Viatu vyangu siku zote nimeviweka mlangoni vikitazama nje, ndiyo adabu niliyofundishwa. Kisha nikaugua. Sasa ni yeye anayenigeuza kitandani. Ananiosha, na anajua upande unaouma kabla sijafungua mdomo. Asubuhi hufungua dirisha la uani nikasikia majirani wakitwanga na kutukanana kwa mapenzi. Nataka kuondoka nikisikia hayo. Ni jambo dogo. Nimepekua vitabu nilivyo navyo, sikuona kitabu kinachonikataza wala kinachoniruhusu. Ni desturi tu, na mimi nilikuwa nikiwaeleza Wafaransa kwamba kwetu desturi ni nzito kuliko kitabu. Nililisema kwa majivuno. Sikujua uzito wake nilipokuwa nasimama kwa miguu yangu.

Kinachonichanganya kwelikweli, na hapa sichezi nawe, ni Sittou. Amekunja nguo zangu zote. Amepiga pasi kanzu ya safari akaitundika mbele ya macho yangu. Sijui ananifukuza kwa heshima au ananiachia kwa huzuni. Siwezi kumuuliza. Nikimuuliza nitakuwa nimemwomba anizike, na mke haombwi hivyo wakati dada yu hai. Yeye akiniuliza atakuwa amempokonya Koulsoum ndugu yake. Basi kila siku tunaongea habari ya mchele. Nimewafasiria watu wasioelewana maisha yangu yote, na chumba hiki kimenishinda.

Njoo kama unataka kuniona. Redio iache. Na unisamehe, kama unaweza, bila kunieleza kwamba umenisamehe.

Mjomba wako


Nosy Be, 27 Septemba 1955

Elamine,

Barua yako kwa Fahardine nimeisoma. Aliiacha wazi juu ya meza akaenda kazini, na sijui kama ni uzembe au adabu.

Muongo mkubwa wewe. Tangu utoto huwezi kusema hapana. Ukiambiwa kanywe dawa, unauliza kikombe kiko wapi, kijiko kiko wapi, mpaka dawa inaingia nzi inamwagwa.

Sasa nisikilize. Redio niliitaka mimi. Hukujiuliza kwa nini? Mwanamke wa umri wangu, asiyejua hata kuwasha taa ya umeme, redio ya nini? Ndugu zetu walikuwa wakija kila alasiri: Elamine analetwa lini, Elamine analetwa lini, kama wanaoulizia mzigo bandarini. Ikanibidi nitandike kitanda. Kila nikipita mlangoni nikikiona kitupu nafurahi. Kikiwa kitupu, wewe u hai. Siku lori litakapofika itanibidi nitafute sanda. Nikatafuta sharti ambalo hakuna mtu wa kulitimiza. Sikujua kwamba nimezaa mtu wa kulitimiza.

Mtoto ameharibu macho kwa nyaya, wewe unamdanganya huko, mimi hapa ninamhimiza huku nikiomba ashindwe. Kati yetu watatu ni yeye peke yake aliyekuwa akitengeneza redio. Nimemwambia jana. Alicheka, kisha akatoka nje akakaa peke yake kitambo.

Kaa ulipo. Watu nitawajibu mimi. Yule mkeo, mwanamke wa Marovoay, sikumpenda, unajua, na sitaanza leo kwa ajili ya uzee. Lakini yeye anaujua upande unaouma. Mimi siujui.

Fahardine anakuletea hii kwa mkono.

Koulsoum


Mahajanga, 16 Oktoba 1955

Wifi yangu Koulsoum,

Ni Sittou. Mimi ninasema kwa lugha yangu, Fahardine anaandika kwa yenu. Nimemwambia asipambe.

Barua yako ilifika siku ambayo homa ya Elamine ilikuwa juu sana. Fahardine alimsomea, akamsomea tena. Alisikiliza kwa adabu, kisha akauliza imetoka kwa nani.

Tangu siku hiyo anasema amekwisha kufika Nosy Be. Anasema safari ilikuwa njema, mito ilikuwa na maji haba, lori halikumtikisa. Anamsifu Fahardine kwa redio, anasema ilisema njia nzima na alikuwa akikusikia. Mimi ananiita Dada. Juzi alinishika mkono akaniambia, "Dada Koulsoum, sikutaka kuja. Lakini sasa nimefika naona ni sawa."

Mwanzoni nilimwambia, mimi Sittou. Akafadhaika. Akauliza kama Sittou amepata mtu wa kumtekea maji. Akasema hakumuaga vizuri, alikuwa na neno la kumwomba akaona haya. Nikamuuliza neno gani. Akasema, "Hilo ni la mimi na yeye." Basi nimeacha kumsahihisha.

Fahardine amenieleza mliyoandikiana. Sikujua hata moja. Zile nguo nilizikunja kwa sababu niliogopa ataona usoni mwangu kwamba nataka abaki. Mikono ilihitaji kazi. Nilipiga pasi nguo ambazo nilikuwa nimekwisha kuzipiga pasi.

Sasa nauliza mambo mawili. Akifa, watu wa chama wataniuliza ametoka mlango wa nani, na mimi nimechanganyikiwa, sijui cha kuwajibu. La pili ndilo la haraka. Kila jioni ananiambia, "Dada, niite lile jina." Nikisema jina gani, ananuna kama mtoto. Fahardine halijui. Hapa Mahajanga hakuna aliye hai anayelijua. Nikimwita Elamine anageukia ukutani, na chakula hataki. Niletee jina hilo, wifi, kama si dhambi kuliazima.

Sittou


Nosy Be, 24 Oktoba 1955

Wifi Sittou,

Hii inakuja kwa ndege ya posta. Nilitaka kuipeleka kwa simu ya upepo, yaani telegramu, karani akauliza huyo aliyetajwa ni nani wangu. Nikaondoka.

Niliisoma barua yako nikakasirika, na mpaka sasa sijui nimemkasirikia nani. Kisha nikaisoma tena.

Mlango usikusumbue. Wakikuuliza, waambie ametoka kwa dada yake. Anayetaka kujua dada yupi, aje aniulize mimi.

Jina ni Kibaba. Alizaliwa mdogo hata bibi yetu akasema mtoto huyu anaenea katika kibaba cha mchele. Mbele za watu hatukumwita hivyo tangu alipoanza chuo cha Kurani, ila mimi, tukiwa peke yetu, sikuacha.

Sasa angalia namna ya kuliita, maana hapo ndipo utakapokosea. Usiliseme kwa upole. Usimkaribie kitandani. Simama mlangoni, mkono kiunoni, uite kama mtu aliyekwisha kuita mara nyingi na amechoka: "Kibaba, njoo ule." Usingoje aitikie. Geuka uende zako, urudi na sahani. Atakula.

Akikuuliza kama nimekasirika kwamba amechelewa kuja, mwambie ndiyo. Akikuuliza kama nimekasirika sana, mwambie amalize chakula kwanza. Atanung'unika. Mwache anung'unike. Asiposikia ukali atajua si mimi.

Koulsoum